Shajara ya mradi: alamu ya gari inayolia alfajiri

Jumamosi asubuhi: kupokea gari

Gari limeletwa karakana hapa Chake Chake, Pemba, kutoka Wesha. Ni gari dogo la Kijapani la milango mitano, lililoingia visiwani likiwa limeshatumika, na alamu yake haikutoka nayo kiwandani bali ilifungwa huku baadaye. Mwenyewe ni Maalim anayefundisha skuli ya sekondari, na malalamiko yake ni manne. La kwanza, alamu hulia yenyewe usiku bila ya mtu wala mnyama kuligusa gari. La pili, gari likilazwa tangu Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi stata, yaani mota ya kuwashia injini, huzunguka kwa uzito au haizunguki kabisa. La tatu, zipo siku ambazo betri ina nguvu na taa za dashibodi zinawaka vizuri, lakini ufunguo ukizungushwa hausikiki hata mlio mmoja. La nne, rimoti haifanyi kazi mpaka mtu asimame karibu ya mlango. Ameshapewa ushauri kwamba kisanduku cha alamu kimekufa na kwamba dawa ni kununua alamu mpya.

Maalim amekuja na daftari, na daftari hilo limenisaidia kuliko kifaa chochote nilichonacho. Tangu masika ilipoanza amekuwa akiandika saa ambayo alamu imelia pamoja na hali ya hewa ya usiku huo, na nimelisoma lote kabla ya kufungua boneti. Karibu mistari yote inaangukia kati ya saa tisa za usiku na saa kumi na mbili za asubuhi, katika usiku uliopata mvua au usiku mtulivu wenye umande mwingi. Hakuna hata mstari mmoja unaotaja mchana, ijapokuwa mchana gari huegeshwa skuli ambako watoto huliegemea na mipira huligonga. Alamu inayonyamaza inapogongwa na mpira, kisha ikalia wakati ambapo hakuna kinachotikisika, hainipi sababu ya kuishuku sensa ya mtikisiko. Inanielekeza kwenye unyevu.

Majirani wameshaacha kutoka nje wanapoisikia. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na ulinzi wote wa alamu umejengwa juu ya imani hiyo; ikishalia mara nyingi bila ya jambo, mwizi wa kweli anaweza kufanya kazi yake huku king'ora kinapiga na asitokee mtu. Kwa sababu hiyo naihesabu alamu inayolia ovyo kuwa mbaya zaidi kuliko kutokuwa na alamu, kwani asiye na alamu angalau huchukua tahadhari nyengine.

Nimeamua kuyashughulikia malalamiko haya kama njia nne tofauti za umeme mpaka vipimo vyenyewe vionyeshe kuwa zinaungana. Hakuna kitakachobadilishwa kabla hakijapimwa, na kila namba itaandikwa humu pamoja na mahali ilipowekwa ncha ya mita.

Jumamosi mchana hadi Jumapili asubuhi: betri na alteneta

Betri ni ya ampea-saa 35. Ilipofika ilikuwa na volti 12.2 bila ya mzigo, kiwango ambacho kwa betri ya risasi na asidi ni takriban nusu ya ujazo wake. Baada ya kuchajiwa taratibu na kupumzishwa usiku kucha imesimama kwenye 12.6. Wakati wa kupiga stata imeshuka hadi 10.6, na injini ikiwa inanguruma alteneta inayoichaji betri imetoa 14.1. Hizi ni namba za betri nzima na alteneta nzima, kwa hiyo betri hii haifi yenyewe, inanyonywa.

Jumapili: mkondo unaonyonya betri

Kipimo cha mkondo wa gari lililolala huharibiwa na haraka. Gari halilali mara tu mlango unapofungwa, kwani vidhibiti vyake huendelea kufanya kazi kwa muda, na mtu akisoma mita katika dakika ya kwanza ataona namba kubwa isiyo na maana yoyote. Aidha, ukiuchomoa waya wa betri ili uingize mita, unaviamsha upya vidhibiti vyote na wakati mwengine unaifuta ile hitilafu uliyokuwa ukiitafuta. Njia ninayoifuata ni kuunganisha kwanza kipande cha waya chenye vibanio kati ya nguzo ya hasi ya betri na kichwa cha waya wake, kukivua kichwa hicho bila ya mkondo kukatika, kuiweka mita kwenye tundu lake la ampea 10, na mwisho kukiondoa kile kipande cha waya ili mkondo wote upite ndani ya mita. Kuanzia hapo hakuna anayeruhusiwa kugusa ufunguo, kwa sababu mkondo wa stata utaiunguza fyuzi ya mita papo hapo.

Swichi ya boneti, ambayo huiarifu alamu boneti inapofunguliwa, niliifunga kwa kamba ibaki imebonyezwa, milango ikafungwa vioo vikiwa wazi, ulinzi ukawashwa kwa rimoti, kisha tukasubiri nusu saa. Mita ikatulia kwenye ampea 0.19.

Namba hiyo ni kubwa, maana gari la aina hii likilala halipaswi kuvuka ampea 0.05. Tangu saa kumi na mbili za Ijumaa jioni hadi saa kumi na mbili za Jumatatu asubuhi ni saa 60, na 0.19 ikizidishwa kwa 60 inatoa ampea-saa 11.4, yaani theluthi ya betri yote inaondoka wakati Maalim amepumzika nyumbani. Ukizingatia pia kwamba safari zake za kawaida ni za Wesha na Chake Chake, ambazo ni fupi mno kwa alteneta kurejesha kilichopotea, lalamiko la Jumatatu limepata hesabu yake.

Kumtafuta mnyonyaji sikuanza kwa kuchomoa fyuzi moja baada ya nyengine, ingawa ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa. Fyuzi ina ukinzani (uwezo wa kuuzuia umeme usipite) mdogo sana, lakini upo, na mkondo unaopita ndani yake huacha tofauti ya sehemu ndogo ya volti kati ya vichwa vyake viwili, ambavyo juu yake vina vitobo vya kuingizia ncha za mita. Mita ikiwekwa kwenye milivolti, fyuzi yenye njia iliyolala husoma sifuri na fyuzi yenye njia iliyo macho husoma kitu, bila ya kuchomoa chochote. Fyuzi za gari lenyewe zilisoma sifuri au karibu yake. Fyuzi ya alamu, ambayo haimo katika kisanduku cha fyuzi bali inaning'inia kwenye waya wake, ilisoma milivolti 0.8. Hapo ndipo nilipoichomoa, na mkondo wa gari zima ukashuka hadi ampea 0.027, ambao ni wa saa, redio na vidhibiti vya kiwandani.

Niliirejesha fyuzi, nikaondoa ulinzi kwa rimoti na kusubiri tena. Safari hii mita ilisoma 0.045 tu. Maana yake ni kwamba kisanduku cha alamu chenyewe kinakula kiasi cha ampea 0.018, kiwango ambacho ni cha haki, na kile kinachozidi hutokea pale tu ulinzi unapowashwa. Kitu kinachovuta kiasi cha ampea 0.15 wakati wa ulinzi peke yake, kwa gari la volti 12, nakitambua kabla sijakiona.

Jumatatu: rilei ya kukata stata

Tumefungua plastiki ya chini ya usukani. Kijana ninayemfundisha kazi nimemkataza kutumia taa ya kupimia mahali hapa, na katazo hili naliandika kwa sababu nimeona likipuuzwa katika karakana nyingi. Soketi za rangi ya manjano zilizo karibu na nguzo ya usukani ni za mifuko ya hewa, na taa ya kupimia hupitisha mkondo wa kutosha kuleta balaa humo. Hata kwenye waya za vidhibiti, taa hiyo huweza kuunguza kile ilichotumwa kukichunguza. Mita ya kidijiti yenye ukinzani wa megaomu 10 haivuti karibu kitu, kwa hiyo hapa chini ya dashibodi ndiyo peke yake inayotumika.

Rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme ambayo alamu huitumia kukata stata, ilikuwa nyuma ya kisanduku cha alamu, imefungwa kwa utepe juu ya fungu la waya, na ilikuwa ya moto mkononi kwani ulinzi ulikuwa umewashwa tangu asubuhi. Koili yake, yaani waya uliozungushwa unaoivuta swichi hiyo, ina ukinzani wa omu 84. Volti 12.6 zikigawanywa kwa 84 zinatoa ampea 0.15, na kila kitu kinalingana.

Kosa liko kwenye kufungwa kwake. Rilei ya aina hii ina miguu iliyopewa namba: 30 na 87a ndizo zinazopitisha waya wa stata rilei ikiwa imelala, na 85 na 86 ni za koili. Alamu huutoa upande wa hasi kwa mguu wa 85 muda wote ambao ulinzi umewashwa. Mguu wa 86 ulipaswa kupata umeme kutoka waya wa swichi ya ufunguo, ule unaoamka pale tu ufunguo unapozungushwa, ili koili ivute mkondo mwizi anapojaribu kuwasha gari na isivute kitu saa nyengine zote. Aliyeifunga aliupeleka mguu huo kwenye waya wa umeme wa kudumu, ambao bila shaka ulikuwa karibu zaidi na mkono wake. Ulinzi ulifanya kazi, gari halikuweza kuibiwa, na kwa hiyo hakuna aliyeligundua kosa. Ila kila usiku koili iliunguza karibu wati mbili mpaka asubuhi.

Nimeuhamisha mguu wa 86 kwenda kwenye waya wa swichi. Ulinzi ukiwa umewashwa na gari limelala, mita sasa inasoma 0.045, na ufunguo ukizungushwa rilei inaitika kwa mlio mdogo na stata haipati kitu. Kwa usiku na mchana mmoja gari litatumia ampea-saa 1.1 hivi badala ya 4.6.

Nimeombwa maoni kama ni bora rilei ikate pampu ya mafuta badala ya stata. Nimekataa na nitaendelea kukataa. Rilei inayokata stata ikiharibika, gari halitawaka pale lilipoegeshwa, na huo ni usumbufu. Rilei inayokata mafuta ikiharibika, injini huzimika barabarani, pengine katika kona za mteremko na gari la abiria likiwa nyuma yako.

Jumanne alfajiri: swichi ya boneti

Gari lililazwa Wesha usiku wa kuamkia leo, nami nimelala huko kwa ukarimu wa Maalim. Jana jioni tuliichomoa soketi ya sensa ya mtikisiko tukaiacha wazi, ili ikiwa alamu italia, sensa iwe imeshaondolewa kwenye orodha ya watuhumiwa. Usiku haukuwa na upepo na umande ulikuwa mwingi. Alamu imelia saa kumi na robo tatu, kabla ya adhana.

Nilitangulia kupima kabla jua halijakausha chochote. Waya wa alamu unaotoka kwenye swichi ya boneti, ukichomolewa kwenye swichi na kuachwa hewani, una volti 11.8, volti hizo zinatoka ndani ya kisanduku cha alamu kupitia ukinzani mkubwa, na kazi ya swichi ni kuzizamisha kwenye bodi ya gari boneti inapofunguliwa. Kujua ukinzani huo ni mkubwa kiasi gani ni jambo jepesi: niliunganisha rezista (kipande chenye ukinzani unaojulikana) ya kiloomu 10 kati ya waya huo na bodi, volti zikashuka hadi 5.9, yaani nusu kamili, kwa hiyo ndani ya kisanduku nako mna kiloomu 10. Nilipoweka rezista ya kiloomu 4.7 volti zilishuka hadi 3.8 na alamu ikapiga kelele. Kisanduku hakikuhitaji swichi ifunge kikamilifu. Uvujaji wa kiloomu chache unakitosha kuamini kuwa boneti imefunguliwa.

Sasa swichi yenyewe. Boneti ikiwa imefungwa na waya wa alamu umechomolewa, swichi nzima haipaswi kupitisha kitu kati ya mguu wake na bodi ya gari. Hii ilisoma kiloomu 4. Nilipozigeuza ncha za mita, nyekundu pahala pa nyeusi, namba ilibadilika na kuendelea kutangatanga, na hiyo ni alama ya kuaminika kwamba kinachopitisha umeme si chuma kilichogusana na chuma bali ni maji yenye chumvi, ambayo hujitengenezea volti zake mwenyewe kama betri dhaifu. Kiloomu 4 dhidi ya zile 10 za ndani ya kisanduku huacha volti 3.4 kwenye waya. Alamu ilikuwa inasema kweli kwa mujibu wa kile ilichoambiwa.

Mchana, saa saba, jua likiwa kali, nilirudia kipimo kilekile kwenye swichi ileile bila ya kuigusa wala kuifuta, na ilisoma kiloomu 400 na zaidi. Kwa namba hiyo waya wa alamu unabaki na volti 11.5 na hakuna kinacholia. Fundi anayepokea gari hili mchana na kuipima swichi hiyo ataiona nzima na ataapa kuwa ni nzima, na ndiyo maana lawama imekuwa ikiishia kwenye kisanduku.

Sababu yake iko katika hewa ya pwani. Upepo wa baharini huacha juu ya kila kitu utando mwembamba wa chumvi ambao ukiwa mkavu haupitishi umeme. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji ya hewani na kuyeyuka pale unyevu unapofika kiasi cha asilimia 75, na chumvi ya bahari, kwa kuwa ina magnesiamu, huanza mapema zaidi. Usiku wa Pemba, na hasa masika, huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Swichi hii ilifungwa kwenye ukingo wa mbele kabisa wa chumba cha injini, mahali ambapo maji ya mvua hukaa na tope za barabara hurukia, na kipira chake cha kuzuia maji kimeshapasuka. Ndani mna kutu ya kijani kwenye shaba na kutu nyekundu kwenye springi.

Jambo moja limenisikitisha. Skrubu ya kurekebisha wepesi wa sensa ya mtikisiko tuliikuta imezungushwa mpaka mwisho wa upande wa uzito, kwa hakika na mtu aliyetaka kuzinyamazisha kelele za alfajiri. Kelele hazikukoma kwa sababu hazikutoka huko, na gari likabaki na sensa ambayo hata kioo kikivunjwa pengine isingesikia.

Jumanne mchana: stata isiyojibu

Lalamiko hili ni la kuja na kuondoka, na hitilafu ya namna hiyo hupimwa wakati gari linafanya kazi, kwa kuangalia volti zinapopotelea, kwa sababu ukinzani unaopimwa kwenye waya usio na mzigo hudanganya. Uzi mmoja wa shaba uliosalia kati ya nyuzi 20 utasoma omu sifuri kwa mita, kisha ushindwe kupeleka mkondo wa solenoidi, sumaku ya umeme inayoiwasha stata.

Gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa, kijana alizungusha ufunguo nami nikasoma. Betri ilikuwa na 10.6 wakati huo, na mguu mdogo wa solenoidi ulipata 7.9. Volti 2.7 zimepotea njiani. Niliigawa njia vipande: kati ya miguu ya 30 na 87a ya rilei zilipotea 0.2, ambazo zinavumilika. Kwenye swichi ya ufunguo na waya mrefu wa kiwandani zilipotea 0.4, na kwenye kiungo kimoja, pale waya wa kiwandani ulipokatwa ili uingizwe kwenye rilei, zilipotea 2.1. Nilipokitingisha kiungo hicho stata ilinyamaza kabisa, na nilipokibana kwa vidole ikaitika.

Utepe ulipofunuliwa, gundi yake ilikuwa imeyeyuka na kuwa uji mweusi, na waya mbili zilikuwa zimesokotwa tu bila ya kulehemiwa wala kubanwa, shaba yake ikiwa ya hudhurungi kwa joto. Kiungo cha kusokota na kuzungushia utepe kinaweza kudumu miaka katika nchi kavu na baridi. Hapa utepe hulegea kwa joto la mchana, unyevu huingia, shaba hushika kutu, ukinzani huongezeka, kiungo hupata moto zaidi, na moto huo huzidi kuulegeza utepe. Nimeyafunua maungio yote ya alamu hii na karibu yote ni ya namna hiyo. Nimeamua yafanywe upya yote, pamoja na yale ambayo leo yanasoma vizuri.

Rimoti

Betri yake ndogo ya volti 12 ilisoma 10.4 kitufe kikiwa kimebonyezwa, nayo imebadilishwa. Masafa yaliongezeka kidogo tu. Sababu kubwa ni antena ya kisanduku, ambayo ni kipande cha waya mwembamba. Ilikuwa imekunjwa na kufungwa pamoja na waya nyengine nyuma ya chuma cha dashibodi. Rimoti inatumia megahezi 433.92, ambazo urefu wa robo ya wimbi lake ni sentimita 17.3, na waya huo una urefu huohuo kwa sababu ulikatwa kiwandani kwa makusudi. Ukikunjwa hauwi tena antena. Umenyooshwa na kupandishwa kando ya nguzo ya kioo cha mbele, mbali na chuma.

Jumatano na Alhamisi: kusubiri vipuri

Swichi ya boneti yenye kipira kamili na mirija ya kufunikia waya, ile inayosinyaa kwa joto na yenye gundi ndani, havikupatikana hapa, vimeagizwa Unguja na vinakuja kwa boti ya Mkoani. Mirija isiyo na gundi ipo madukani, lakini kwa gari linalolala ufukweni siitaki, kwani hufunika tu bila ya kuziba.

Muda huu tumeutumia kuchora njia zote za alamu kama zilivyo, rangi ya kila waya na mahali unapoishia. Alamu ilifungwa bila ya mchoro, na fundi atakayekuja baada yangu asilazimike kukisia.

Waya wa hasi wa kisanduku nao umeshughulikiwa. Ulikuwa umefungwa kwa skrubu ya bati juu ya rangi. Nimeuhamishia kwenye boliti ya kiwandani, mahali pa kugusana pamekwanguliwa hadi chuma kizima, pakafungwa kwa nguvu na kupakwa grisi juu yake baada ya kufungwa. Upotevu wa volti kati ya waya huo na nguzo ya hasi ya betri, milango ikifungwa kwa rimoti na king'ora kikilia, ni 0.04. Ningekubali hata 0.1.

Ijumaa: kufunga

Vipuri vimefika. Swichi mpya haikurudishwa kwenye tundu la zamani, imewekwa juu zaidi, ubavuni mwa chumba cha injini, chini ya sehemu ambayo boneti huifunika na maji hayatuami. Tundu la zamani limezibwa na kupakwa rangi. Mguu wa swichi umefungwa kwa mrija wenye gundi na kujazwa grisi ya silikoni, ambayo haipitishi umeme na haiyeyuki kwa joto la injini.

Maungio yote yamebanwa kwa koleo lake, yakalehemiwa pale waya ulipo mnene, na kuzibwa. Yale yaliyo karibu na injini nimeyafunga pia mahali pawili kila upande, kwa sababu waya uliolehemiwa huwa mgumu pale risasi inapoishia na hukatika hapo ukiachwa utikisike. Fyuzi ya alamu ilikuwa karibu mita moja kutoka kwenye betri, na urefu wote huo wa waya haukuwa na kinga. Sasa iko umbali wa kiganja. Ukubwa wake nimeuacha kwenye ampea 15 kwa kuwa ndiyo inayolisha pia indiketa, ambazo taa zake nne za wati 21 peke yake huvuta ampea 7, na waya wake ni mnene wa kutosha kuhimili fyuzi hiyo.

Sensa ya mtikisiko imerudishwa kwenye soketi yake na kurekebishwa upya. Kigezo nilichotumia ni kofi la mkono wazi kwenye nguzo ya mlango, ambalo linapaswa kuliza, na kuegemea kwa bega, ambako hakupaswi. Ilichukua muda kupata mahali pake.

Vipimo kabla ya gari kuondoka: mkondo wa kulala 0.045, upotevu wa volti kwenye njia ya stata 0.6 badala ya 2.7, swichi ya boneti, ikiwa imemwagiwa maji ya chumvi juu ya kipira chake, haisomi chochote hata kwenye kiwango cha juu kabisa cha mita, rimoti inafanya kazi kutoka upande wa pili wa barabara. Kisanduku cha alamu ni kilekile kilichohukumiwa kuwa kimekufa.

Jumatatu: baada ya mapumziko ya wiki

Maalim amepita karakana akielekea skuli. Gari lililala tangu Ijumaa jioni na mvua imenyesha usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili. Alamu haikulia. Betri, kabla ya kuwashwa, imesoma 12.5, na stata imepiga mara moja. Mchoro wa waya umebandikwa ndani ya mfuniko wa kisanduku cha fyuzi na nakala moja amepewa yeye.

Limebaki jambo moja. Swichi ya mlango wa nyuma wa kushoto leo asubuhi imesoma kiloomu 600 ikiwa imefungwa, wakati zile nyengine tatu hazisomi kitu. Kwa njia ya milango, ambayo volti zake hupitia taa ya ndani yenye ukinzani mdogo, uvujaji huo hauwezi kuliza alamu, na mkondo unaopotea ni mdogo mno kuhesabika. Hata hivyo swichi iliyoanza kuvuja haitarudi kuwa kavu yenyewe, kwa hiyo nimeiagiza pamoja na vipuri vya safari ijayo ya boti, na itabadilishwa kabla ya vuli.